Kuvuka Mpaka kwa Msafara wa Kempa: Kutoka Nakuru na Kisumu Hadi Jinja

Likizo ya Agosti au Desemba ikikaribia, utayaona kwenye vituo vya mafuta vya Nakuru kabla jua halijachomoza: kempa, yaani vani zilizogeuzwa nyumba, Land Cruiser zenye mahema paani, trela moja mbili, mitungi ya gesi na madebe ya maji. Ni misafara inayoelekea Uganda. Anayejiunga kwa mara ya kwanza hudhani kundi litambeba. Barabarani litambeba kweli. Ukipata pancha pale Timboroa kwenye ukungu utashukuru kuwa na wenzako. Lakini kwenye dirisha la mpakani hakuna msafara. Afisa anaona gari moja, dereva mmoja na karatasi zake. Na lako likikwama, mengine sita yanakungoja juani.

Mwongozo huu ni wa Mkenya mwenye gari la namba za Kenya, anayevuka na wenzake kupitia Busia au Malaba, akalale Jinja au kwenye maporomoko ya Sipi.

1. Lijue kundi kabla ya kutuma pesa

Kuna misafara ya kampuni za utalii, ambayo unalipia kila kitu kwa pamoja na kupewa kiongozi. Hiyo iulize leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, udai na stakabadhi. Kuna na ile ya marafiki wa WhatsApp: kila mtu anajinunulia mafuta, halafu wote wanachangia kapu moja la kambi, chakula na mwongozaji wa huko. Mimi naipenda hii ya pili, ni nafuu na haina haraka. Ila ndiyo yenye magomvi, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyeandika lolote.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, uliza, na majibu yaandikwe mahali kila mtu anayaona. Nani ameshaongoza njia hii? Magari ni mangapi? Kilomita ngapi kwa siku? Pesa zinakaa kwa nani, na nani mwingine anaziona? Mtu akijitoa wiki moja kabla, anarudishiwa kiasi gani? Halafu lile swali ambalo watu hulionea haya: gari likiharibika, tunafanyaje?

Kanuni inayofaa ni kwamba msafara wote unangoja saa mbili. Baada ya hapo gari moja, lililochaguliwa tangu nyumbani, linabaki na aliyekwama, na mengine yanasonga hadi kituo kilichokubaliwa. Fundi na gharama ya kuvutwa ni juu ya mwenye gari. Jambo hili likisemwa mapema halimuumi mtu. Likisemwa kando ya barabara kule Bugiri, Uganda, watoto wakilia njaa, urafiki unaishia hapo hapo.

Mweka hazina akikuandikia, “Shem, tuma mchango wa kambi leo tusikose nafasi,” mjibu kwa upole: “Sawa shem, nitumie kwanza jina la kambi na bei ya gari moja kwa usiku.” Anayejua kazi yake atakutumia bila kinyongo. Anayenuna, muache aende na wengine.

Idadi nzuri ni magari matano hadi saba. Yakizidi hapo, kila kusimama kwa chai kunakula saa nzima, na pale mpakani mtashinda kutwa.

2. Tarehe

Aprili na Mei ni masika. Kambi za nyasi hugeuka matope na kempa nzito huzama. Kati ya tarehe 20 na 25 Desemba Wakenya wa magharibi wote wanarudi nyumbani, na barabara ya Nakuru kwenda Mau Summit inaweza kukushikilia hadi usiku. Wengi husahau tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Wiki kadhaa kabla ya hapo mahujaji, wakiwemo wanaotoka Kenya, hutembea kwa miguu hadi Namugongo, wengi wakipita kandokando ya barabara kuu ile ile mtakayoifuata. Wapisheni, au chagueni wiki nyingine. Miezi ya uchaguzi, wa kwetu au wa kwao, iacheni ipite.

3. Karatasi za watu

Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kiwe chenyewe, si nakala, na kisiwe kimekatika wala kufutika namba. Pasipoti ni bora kama unayo. Watoto hawana kitambulisho, kwa hiyo beba pasipoti zao. Kama hawana, nenda ofisi ya uhamiaji mapema, ya Kisumu kwa mfano, uulize hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki, ukiwa na vyeti vyao vya kuzaliwa. Unayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzako, beba barua yake ya ridhaa pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Na shangazi anayemchukua mpwa wake likizo, barua hiyo inamhusu zaidi ya wote.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiifuate hospitalini siku ya kuamkia safari. Tangu 2016 cheti kinahesabiwa kuwa cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Mkiwa na mgeni asiye wa Afrika Mashariki, mwambie aangalie ile viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda. Ni dola 100 kwa siku 90, na inamruhusu kurudi Kenya bila kuanza upya.

4. Karatasi za gari

Hapa ndipo misafara inapokwama, kwa hiyo soma polepole.

Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iwe kwa jina lako. Kama gari ni la mkeo, la kaka yako au la kampuni, beba barua ya idhini iliyosainiwa, inayotaja namba ya gari, jina lako, nchi mnayokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Kama gari bado lina mkopo, jina la benki au la sako (chama cha akiba na mikopo) limo kwenye logibuku, na barua lazima itoke kwao. Barua ya benki haitoki kwa siku moja. Iombe wiki tatu kabla.

Bima yako ya Kenya inaishia mpakani. Ukivuka unahitaji kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvuka mipaka, unayoipata kwa kampuni yako ya bima au kwa wakala wake. Hii hulipa madhara utakayomfanyia mtu mwingine kwa sheria ya nchi uliyomo. Gari lako likigongwa au kuibwa huko, kadi hiyo hailitengenezi. Mwenye bima ya komprehensivu, ile inayolinda na gari lake mwenyewe, amwombe wakala aipanue ifike Uganda, na apewe kwa maandishi. Neno la simu halisaidii kitu. Angalia pia tarehe: kadi iliyonunuliwa kwa siku saba na safari ya siku nane ni tatizo la siku ya mwisho, mkiwa mmechoka na pesa zimeisha.

Trela ina maisha yake yenyewe. Ina namba yake inayoanza na Z, logibuku yake, na lazima itajwe kwenye bima. Watu huandaa gari hadi likang'ara, wakaisahau trela.

Sasa kempa iliyotengenezwa nyumbani. Vani iliyokuwa matatu, ikatolewa viti na kuwekewa kitanda na jiko, huenda logibuku yake bado inasema ina viti 14. Badilisha maelezo hayo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya safari. Halafu kuna namba ya chesisi. Afisa wa forodha akitaka kuilinganisha na logibuku, anataka kuiona kwa macho yake. Kwenye baadhi ya vani imepigwa chini ya zulia au karibu na kiti cha mbele, na fundi seremala aliyetandika plaiwudi ya sakafu ameifunika kwa skrubu 20. Itafute ukiwa nyumbani. Kata kidirisha kidogo kwenye plaiwudi, uweke kifuniko cha kufungua kwa mkono, na uifute kutu namba isomeke. La sivyo utaivunja sakafu pale Busia ukiwa umepiga magoti, foleni nzima ikikutazama.

Nakala: tatu za kila karatasi, kwenye faili moja ya plastiki ngumu, na picha zake kwenye simu. Leseni ya udereva iwe hai, na kila atakayepokezana usukani awe na yake.

Karneti, ile hati ya kimataifa ya kupitisha gari mipakani kwa muda bila ushuru, haihitajiki kwa gari la Kenya linaloingia Uganda. Hiyo ni ya safari ndefu kwenda kusini au nje ya Afrika, na hutolewa na AA Kenya, chama cha wenye magari.

5. Lala usiku mmoja karibu na nyumbani

Wiki mbili kabla, msafara mzima ukalale mahali pa karibu. Watu wa Nakuru wana kambi ya Makalia ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Wa Kisumu na Kakamega wana msitu wa Kakamega. Usiku huo mmoja utawaonyesha betri ya nani inakufa saa tano, hema la nani linavuja, na nani anapiga muziki hadi saa nane za usiku. Yule wa muziki, zungumzeni naye hapo hapo.

Kila gari liwe na pembetatu mbili za onyo, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, jeki inayobeba uzito halisi wa kempa ikiwa imejaa maji, na tairi la akiba lenye upepo. Mtungi wa gesi uende umejaa, umesimama wima na umefungwa kwa mkanda. Usitegemee kubadilishiwa mtungi wa Kenya huko. Droni iache nyumbani. Nchi zote mbili zinaitakia kibali, na forodha hawana mzaha nayo. Redio za mkononi nazo zinahitaji leseni, kwa hiyo simu na alama za mkono mlizokubaliana zinatosha.

6. Njia na mwendo

Mau Summit barabara inagawanyika. Mkono wa kushoto ni Kericho, Ahero, Kisumu, Maseno hadi Busia. Mbele ni Timboroa, Eldoret, Webuye, Bungoma hadi Malaba. Mimi ningewashauri Busia. Malaba ndiko kunakojazana malori ya kwenda Kampala, na foleni yao inaweza kufika kilomita kadhaa. Magari madogo huruhusiwa kupita pembeni, lakini kuipita foleni hiyo na trela nyuma, lori jingine likija mbele yako, si kazi ya mgeni. Mwenye basi lililogeuzwa kempa akumbuke pia mizani ya Webuye: gari la tani 3.5 na zaidi linaingia mizani.

Siku ya kwanza msijitie haraka ya kuvuka. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 185. Laleni Kisumu, muamke mapema, mmalize kilomita takriban 110 hadi Busia, mfike mpakani saa nne asubuhi mkiwa na akili timamu. Vituo hivi hufanya kazi saa 24, ila hiyo si sababu ya kufika usiku. Upande wa Muhoroni na Mumias matrekta ya miwa hutembea gizani bila taa nyuma.

Mpangilio: mbele kiongozi, wa pili gari la polepole kuliko yote, wa mwisho fundi mwenye vipuri. Watu wengi huliweka lile la polepole nyuma, kisha wanashangaa kwa nini linaachwa. Likiwa la pili, ndilo linalopanga mwendo. Kati ya gari na gari acheni nafasi ya kutosha malori mawili, ili anayewapita apate pa kuingilia. Kwenye kila njia panda, kila dereva anamngoja wa nyuma yake mpaka amwone, ndipo anakata kona. Taa za hazadi (za dharura) hazitumiki mkiwa mnatembea. Anayekufuata hawezi kujua unapinda wapi.

Pale kwenye mlima wa Salgaa na Sachangwan, mkienda malori yanapanda kwa mwendo wa kobe na kishawishi cha kupita ni kikubwa. Mkirudi ndiyo hatari yenyewe, kwani mnateremka, na nyuma yenu kuna lori ambalo breki zake hamzijui. Teremkeni kwa gia ndogo. Lori likianguka, msisimame kutazama: Januari 2009 lori la mafuta lililipuka Sachangwan watu wakiwa wanachota, na zaidi ya watu 100 wakafa.

7. Mpakani Busia

Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 kama kituo cha pamoja. Maana yake ni kwamba ukienda Uganda husimami upande wa Kenya. Unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda. Humo humo ofisa wa Kenya anakugongea kutoka na wa Uganda anakugongea kuingia. Ukirudi, yote hufanyika upande wa Kenya. Wapo madereva waliotii vijana wanaopunga mkono barabarani, wakaegesha mahali ambapo hapakuwa na dirisha lolote.

Vijana hao watakuja mbio kabla hujazima injini. “Bosi, nikusaidie karatasi, dakika tano tu.” Jibu ni, “Asante ndugu yangu, tuna mtu wetu,” bila kukasirika na bila kumpa pasipoti. Kama mnataka ajenti wa forodha, mtafuteni mapema mkiwa nyumbani, mkubaliane bei kwa kila gari, awangoje ndani ya jengo. Kwa magari sita ana faida. Kwa gari moja unaweza kujifanyia.

Utaratibu ni huu. Abiria wote wanashuka na kwenda uhamiaji, kila mtu na kitambulisho na cheti chake cha chanjo mkononi. Dereva anamaliza kwanza uhamiaji, kisha forodha. Forodha ya Kenya inaandikisha gari linalotoka kwa muda. Ya Uganda inatoa kibali cha gari kuingia kwa muda. Malipo ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, hufanywa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya malipo utakayopewa. Anayekuambia uweke pesa mkononi mwake hakulipii kodi.

Ukipewa kibali usiondoke dirishani. Soma pale pale: namba ya gari, namba ya chesisi, jina lako, tarehe ya mwisho. Herufi moja ikikosewa ni rahisi kurekebishwa ukiwa umesimama hapo, na ni taabu ya siku nzima ukirudi nayo baada ya wiki. Tarehe ya mwisho iipite tarehe yenu ya kurudi kwa siku mbili tatu, maana magari huharibika. Halafu piga picha karatasi hiyo na kuituma kwa kiongozi.

Pesa. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza kati ya 25 na 30 za Uganda. Wabadilishaji wa mitaani wana vidole vyepesi: noti moja hukunjwa katikati, na katika kuhesabu inapita mara mbili. Ingia dukani au benki, uhesabu mwenyewe juu ya kaunta, na usibadilishe zaidi ya mahitaji ya siku mbili.

Mafuta je, tujaze wapi? Bei ya Kenya hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 kila mwezi. Uganda kila kituo hujipangia. Piga simu kwa mtu aliye Busia ya huko umuulize, kisha ujaze upande wenye nafuu. Majerikeni ya petroli ndani ya kempa yenye jiko, hapana.

Wa mwisho akishagongewa ndipo msafara unaondoka. Hakuna wa kutangulia “kutafuta chakula.”

8. Upande wa pili

Huko pia mnaendesha kushoto, saa ni ile ile, na soketi za umeme ni za miguu mitatu kama zetu. Kinachobadilika ni boda boda, nyingi mno, na zinazoingia barabarani bila kutazama. Busia hadi Jinja ni takriban kilomita 120. Zipeni nusu siku. Polisi akiwasimamisha, gari lililosimamishwa liegeshe na la nyuma yake lisimame mbele kidogo. Yote sita yakijipanga pale, mazungumzo ya dakika mbili huwa mkutano. Salamu kwanza: mwanamume ni ssebo, mwanamke ni nnyabo, na Kiswahili chako kitaeleweka zaidi karibu na mpaka kuliko Jinja.

Daraja la nyaya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018 na lenye urefu wa mita 525, linapendeza kweli, na kila mtu atataka kusimama. Msisimame juu yake, wala msipige picha bwawa la zamani, askari au ofisi za mpakani.

Kambi za Jinja ziko kando ya Nile. Muulizeni mwenye kambi kama geti linapitisha kempa ya mita tatu kwenda juu, kwa sababu matawi ya miembe huko huning'inia chini. Laleni ndani ya neti. Mtu wa Nakuru, aliyezoea baridi, huchukulia mbu kama kero ya kelele tu. Na kwenye maji yaliyotulia yenye matete kuna kichocho, kwa hiyo watoto waoge bafuni.

Wanaotaka Sipi wapitie Tororo na Mbale, kisha wapande kuelekea Kapchorwa. Kempa nzito ipande asubuhi, ikiwa injini imepoa.

9. Kurudi

Kibali cha gari lazima kifungwe. Watu wakirudi hugongewa uhamiaji, hujiona wamemaliza, wakapita. Kwenye mitambo ya forodha gari lao bado liko Uganda, na siku ya kutaka kwenda tena, au ya kuliuza, deni linaibuka. Ingia forodha, toa kibali, ngoja kifungwe, uchukue ushahidi wake. Ukitokea kituo kingine, kwa mfano mkipanda Kapchorwa na kushukia Suam kuelekea Kitale, mweleze afisa wa kituo hicho uliingilia wapi.

Kabla ya mpaka toeni mifuko ya plastiki yote mliyofungiwa vitu sokoni. Kenya imeipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017, na ndizi zako hazitakuwa utetezi. Hamishieni vitu kwenye vikapu. Nyama mbichi, miche na asali msivuke navyo bila kibali.

Hesabu za kapu zifungwe siku ile ile mnayofika, kabla watu hawajatawanyika: kilichoingia, kilichotumika, picha za stakabadhi, na kila mmoja arudishiwe chake kwa simu.